Katazo la kuni na mkaa: anayehusika, na hesabu ya kopo

Tangu ukaguzi wa majiko ya taasisi uanze, ofisi yetu hapa Moshi inapokea malalamiko ya aina mbili. Wakuu wa shule wanasema hawakuarifiwa, na mama lishe wanasema wanaonewa. Hawa wa pili niwatulize mapema: anayepikia watu chini ya 100 kwa siku hahusiki.

Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na zinazopikia zaidi ya 300 ifikapo 31 Januari 2025. Wanaohesabiwa ni wanaokula, wakiwemo walimu na walinzi. Kwa hiyo "sisi ni shule ya kutwa" si utetezi kama sufuria la makande linapakuliwa kila mchana.

Mkaguzi akifika, mwombeni kitambulisho. Ataingia jikoni na stoo, ataandika alichokikuta, na kiongozi wa taasisi ataombwa kusaini. Someni alichoandika kabla ya kusaini. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kosa linaweza kufifilishwa, yaani mhusika anakiri kwa maandishi na kulipa bila kufikishwa mahakamani. Malipo ni kwa control namba (namba ya malipo ya serikali) peke yake. Narudia, peke yake. Anayemkabidhi mtu noti mkononi asije kwetu kudai risiti.

Sasa barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Kila mkutano hakosi mzee wa kusimama na kuuliza, "Mkaa wangu wa kopo moja ndio unayeyusha Kibo?" Hapana, mzee wangu. Kibo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake tangu 1912, na chanzo kikubwa ni hewa ya huko juu kukauka na theluji kupungua. Ila maji ya mfereji wako hayategemei sana hiyo barafu. Sehemu kubwa ni mvua na ukungu vinavyonaswa na msitu ulio chini yake. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza takriban kilomita za mraba 95 za uoto wa mlima, na sijawahi kuulizwa swali hata moja kuuhusu. Watu wanatazama kileleni, shoka liko huku chini.

Lalamiko la "umeme ni ghali" nalijibu kwa tahadhari, kwani bei si sisi tunaopanga. Kwa mteja wa T1, yaani kundi la matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Jiko la presha la umeme linaivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Mteja wa D1, yaani wa nyumbani mwenye matumizi madogo, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni 350. Ugumu ni kulinunua jiko lenyewe, hilo silifichi.

Lakini mkaa wa kopo hakuna anayeujumlisha. Unanunuliwa asubuhi, unaongezwa jioni, na mwisho wa mwezi linalolaumiwa ni bili ya luku. Kabla ya kuleta lalamiko la gharama dirishani kwetu, andika makopo ya siku 30 kwenye karatasi uje nayo. Tutazidisha pamoja.