Kuunganisha Upya Bastola ya Nusu Otomatiki Baada ya Kuisafisha

Bastola nyingi za nusu otomatiki, ukiiacha kando magazini (kibebeo cha risasi), hufunguliwa kwa usafi wa kawaida katika vipande vinne: fremu (kiunzi chenye mpini), slaidi (sehemu ya juu inayoteleza mbele na nyuma), mtutu, na springi ya kurudisha slaidi pamoja na kijiti chake. Mpangilio huo umetokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya John Browning, ambaye bastola yake ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911. Kwa hiyo anayeijua aina moja hapati tabu sana na nyingine, ingawa kijitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho.

Risasi zisiwepo katika chumba unamofanyia kazi hii. Pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu na chemba (nyuma ya mtutu, inapokaa risasi), kisha tia tone la mafuta kwenye kila reli ya fremu. Wengi hudhani mafuta mengi ni uangalifu, kumbe hunasa masizi ya baruti, na yakipenya kwenye njia ya pini ya kupigia (inayogonga risasi ifyatuke) huganda na uchafu hadi pini ikagonga kwa unyonge.

Penye makosa mengi ni springi. Slaidi ikiwa imelazwa chali, mtutu hutangulizwa mdomo na kushushwa mahali pake. Ndipo springi inapobanwa kati ya pua ya slaidi na kigingi kilicho chini ya mtutu. Katika aina nyingi kigingi hicho kina mchongo wa nusu duara, na kichwa cha kijiti hakina budi kutulia humo. Kikikaa pembeni, springi huonekana imepinda na slaidi hukwama njiani. Vaa miwani, kwa kuwa springi ikichomoka hurukia usoni.

Slaidi huingia kwenye reli kwa kuteleza. Ikigoma, usiigonge: ivue na kuitazama springi upya. Katika bastola za muundo wa 1911, pini ya kizuizi cha slaidi lazima ipite ndani ya kiungo kidogo kinachoning'inia chini ya mtutu, na hapo mkono wenye haraka hukosea.

Kabla ya kuirudishia risasi, ijaribu ikiwa tupu, bila magazini, mdomo ukielekea mahali salama. Vuta slaidi uiachie, kisha bonyeza triga, utasikia mlio. Ukiwa bado umeishikilia triga, vuta slaidi tena na kuiachia, kisha legeza kidole polepole mpaka uhisi triga ikijirudi kwa mlio mdogo. Nyundo au pini ikijifyatua yenyewe slaidi inapofunga, au triga ikifyatua huku kitufe cha usalama kimefungwa, bastola hiyo haifai kutumika. Ipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa ikiwa tupu.

Masizi yake yana madini ya risasi, hivyo nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.