Kwa nini ukisimama chini ya taa kali ziwa linapotea?

Usiku usio na mwezi, ukiwa ufukweni Kibirizi, Kigoma, unaweza kudhani kuna mji mwingine umeota juu ya Ziwa Tanganyika. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Sasa sogea hadi kwenye nyumba yenye taa kubwa ya ulinzi, simama chini yake, kisha geuka utazame tena. Taa za ziwani zimefifia, na mtumbwi uliovutwa mchangani hatua chache mbele yako huuoni kabisa. Mwanga umeongezeka, kuona kumepungua.

Jicho si kama mizani ya dukani. Hujirekebisha kufuatana na mwanga uliopo, na kazi hiyo huanzia kwenye mboni: juani husinyaa hadi milimita 2 hivi, gizani kwa kijana hutanuka hadi kama 8. Hapo tundu la kupitishia mwanga limekua mara 16, kiasi ambacho hakitoshi hata kidogo, kwa sababu jua la adhuhuri huangaza kuliko mwezi mpevu kwa mara laki kadhaa.

Kazi kubwa iliyobaki hufanyika nyuma ya jicho, kwenye retina. Huko kuna seli za aina mbili. Zile za mchana, zinazotambua rangi, ni kama milioni 6. Za usiku ni kama milioni 120, lakini rangi hazizijui. Ndiyo maana gizani khanga nyekundu na ya kijani zote ni kijivu. Seli za usiku hutumia kemikali inayotengenezwa kwa vitamini A, na mwanga mkali huivunja mara moja. Kuirudisha yote huchukua dakika 20 hadi 30. Kwa hiyo ukichungulia taa ya ulinzi hata kwa sekunde chache, unaweza kujiharibia dakika kadhaa za kuona gizani. (Mawese mekundu ya Kigoma, kwa njia, ni chanzo kizuri cha vitamini hiyo. Mtu akiikosa sana, jua likizama tu anaanza kupapasa.)

Kuna na tatizo la pili. Mwanga ukiingia jichoni moja kwa moja hutawanyika humo ndani, ukatanda kama ukungu juu ya kila unachokitazama. Wazee huumia zaidi kwa kuwa lenzi ya jicho huanza kuingia utando. Kwa maoni yangu, taa nyingi za ukutani tunazofunga zinamsaidia mwizi: zinampofusha mwenye nyumba na kuchora kivuli cheusi tii pembeni. Afadhali taa ndogo yenye kofia, inayomwaga mwanga chini, balbu yenyewe isionekane.

Samaki nao hutegemea tofauti ya mwanga na giza. Taa ya mvuvi huvuta vijidudu vya majini, na dagaa hukusanyika hapo. Mbalamwezi ikiangaza ziwa zima, ile taa haina tena cha kuwavutia dagaa, na wavuvi wengi hupumzika.

Ndani ya nyumba mambo hubadilika, maana hapo mwanga upo wa kutosha na swali ni wa aina gani. Kitambaa hakina rangi ya kutoa chenyewe, hurudisha tu ile iliyoletwa na taa. Balbu ya zamani ya waya ina bluu kidogo mno, hivyo kitenge cha bluu iliyokolea chini yake huonekana cheusi. Taa nyingi nyeupe za bei rahisi zina bluu tele na nyekundu haba, hivyo wekundu hupauka. Ubongo nao hukudanganya, kwani huizoea taa upesi ukaona karatasi bado nyeupe, usishtuke kitu. Ndiyo maana mama anayejua vitenge hamalizi kupatana bei kabla hajakibeba hadi mlangoni, akakikunjua juani.