DNA hujuaje ianzie wapi kujinakili?

Seli inapojiandaa kugawanyika, hunakili DNA kuanzia ncha moja hadi nyingine?

Hapana. Kromosomu (uzi mmoja wa DNA) namba 1 ya binadamu ina jozi za herufi, yaani kemikali A, T, G na C zinazounda DNA, takriban milioni 249, na mashine ya kunakili hupita jozi 2,000 hivi kwa dakika. Kungekuwa na mahali pamoja tu pa kuanzia, kazi ingezidi mwezi mzima. Seli huanzia maelfu ya mahali, ikamaliza kwa saa nane hivi.

Nani huchagua mahali hapo?

Kwa bakteria, herufi zenyewe. Escherichia coli ana mahali pamoja tu, penye jozi 245 hivi. Humo mna vipande vya herufi tisa ambavyo protini iitwayo DnaA huvitambua na kuving'ang'ania. Ubavuni pake kuna eneo lililojaa A na T. Herufi hizi hushikana kwa vifungo viwili vya haidrojeni, ilhali G na C hushikana kwa vitatu, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyuzi kuachana upesi hapo. Anayefumua nguo naye huanzia pale mshono ulipolegea.

Hamira ina neno lake la herufi 11 la kuonyesha pa kuanzia. Ila neno hilo limetapakaa kwenye DNA yake, na ni machache tu yanayotumika kweli.

Na binadamu?

Hapa kanuni inalegea. Hakuna neno maalumu lililopatikana. ORC, kundi la protini sita linaloweka alama pa kuanzia, hufuata zaidi mahali ambapo DNA haikukazwa sana, mara nyingi karibu na mwanzo wa jeni zinazofanya kazi. Herufi bado zina mchango wao: sehemu nyingi kati ya hizo zina G kwa wingi. Kwa aliyezoea bakteria, ambako pa kufungukia pamejaa A na T, hilo linashangaza kidogo.

Protini hizo zikiwa na kasoro?

Mtoto anaweza kuzaliwa na ugonjwa adimu wa kurithi uitwao Meier-Gorlin, unaotokana na kasoro kwenye jeni kama ORC1, ORC4 au ORC6. Huwa mfupi sana, masikio yake madogo, na mifupa ya pia za magoti ni midogo au haipo kabisa. Akili kwa wengi huwa ya kawaida.

Herufi moja ikibadilika mahali pa kuanzia, nitaugua?

Mara nyingi hapana. Seli huandaa sehemu nyingi kuliko inazohitaji. Moja ikikwama, ya jirani huamka. Tatizo lipo kwenye maeneo yenye sehemu chache, kama FRA3B kwenye kromosomu namba 3: unakili ukichelewa hapo, DNA hukatika kwa urahisi, na mikatiko hiyo huonekana katika saratani kadhaa.