Boriti zenu hazikutoka melini

Kila nikiitwa kukagua nyumba ya kale kijijini Uingereza, kabla sijavua koti mwenyeji ananionyesha dari: "Hizi boriti ni za meli." Wiki hii tena, na kijiji chenyewe kiko Herefordshire, bara kabisa!

Jamani, nani angekokota mbao chakavu kwenye tope hadi huko, aipite miti ya mialoni iliyosimama mpakani mwa shamba lake? Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, maana ukikauka unaitesa patasi. Ukakaukia pale pale ukutani, ukajipinda. Mawimbi hayahusiki.

"Na haya matundu matupu kwenye boriti je, si ya melini?" Hapo ndipo napandwa na hasira, kwa sababu matundu hayo yanaeleza nyumba yenyewe ilivyokuwa. Simama chini ya boriti ya ukuta wa mbele, mulika tochi upande wa chini. Ukiona safu ya vitundu vya mraba vilivyogeuzwa, pembe zikitazama nje na ndani, palikuwa na dirisha la nondo za mbao, bila kioo. Mfereji mwembamba kando yake ni njia ya ubao uliosukumwa kulifunga usiku. Matundu ya keekee juu, mfereji kwenye mbao ya chini? Palikuwa na ukuta wa fito uliokandikwa udongo, mtu akaubomoa. Namba I, II, III, IIII zilizokwaruzwa kwa patasi ni za seremala: fremu iliunganishwa kwanza uwanjani, ikafunguliwa, ikasimamishwa upya na kukazwa kwa vigingi. Rangi nyeusi ya boriti msiniulize; nyingi ni ya karne ya 19.

Ubishi wangu una mwisho, lakini. Boriti zilizotumika mara ya pili ni tele, kutoka ghala au nyumba nyingine. Na za meli zipo: kinu cha maji cha Chesapeake kule Wickham, Hampshire, kilijengwa 1820 kwa mbao za manowari ya Marekani ya jina hilo, iliyotekwa 1813. Ila Wickham ni jirani ya Portsmouth, bandari ya manowari.

Pete za mti, yale maduara ya kila mwaka ndani ya mbao, zinaweza kunipa mwaka mwaloni ulipokatwa, si mwaka boriti ilipofika hapa. Na mwaloni uliokua haraka, wenye pete chache, mara nyingi haunipi hata huo. Basi kwenye ripoti naandika "imetumika tena, ilikotoka hakujulikani." Mwenye nyumba anasoma "meli."