Je, wajua kwa nini siku ya hofu haisahauliki, lakini majibu ya mtihani yanatoroka?

Muulize mtu alikula nini mchana wa Jumanne ya mwezi uliopita, atabaki akikutazama. Muulize siku aliyoponea chupuchupu kugongwa na gari, atakusimulia mpaka rangi ya gari lenyewe na jinsi breki zilivyolia. Ila mtu huyohuyo akiingia kwenye chumba cha mtihani moyo ukimdunda, somo alilolishika vizuri jana yake linayeyuka kichwani. Hofu inachora, hofu inafuta. Inakuwaje?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Ukishtuka, tezi hizi humwaga homoni iitwayo adrenalini kwenye damu ndani ya sekunde chache. Kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizohizo, hufuata polepole na kufikia kilele baada ya dakika 20 hadi 30 hivi. Cha kushangaza, adrenalini haipenyi kwa urahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Hupeleka habari kwa kupitia neva ya vagasi, inayounganisha viungo vya ndani na ubongo, hadi kwenye shina la ubongo, na ubongo wenyewe ndio unaomwaga noradrenalini yake, kemikali ndugu ya adrenalini, ikifika mpaka kwenye amigdala. Hiki ni kiungo kidogo chenye umbo la lozi, kimekaa jirani na hipokampasi inayosuka kumbukumbu mpya. Amigdala ikichangamka, huisukuma hipokampasi ikaze uzi.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 1994, kutoka kwa watafiti Larry Cahill, James McGaugh na wenzao huko Marekani. Waliwaonyesha watu picha zenye hadithi: mama na mwanawe wanakwenda kumtembelea baba kazini, njiani mtoto anagongwa na gari, madaktari wanahangaika kuiunga miguu yake iliyokatika. Kabla ya picha, baadhi walimeza propranololi, dawa inayozuia adrenalini na noradrenalini zisifanye kazi. Wengine walimeza kidonge kisicho na dawa. Wiki moja baadaye waliulizwa maswali bila kutarajia. Waliomeza kidonge kitupu walikumbuka zaidi ile sehemu ya ajali. Waliomeza propranololi waliikumbuka kama sehemu nyingine tu za hadithi, ingawa nao walisema iliwagusa. Huzuni waliipata, ila kumbukumbu haikupata msukumo wake.

Tena msukumo huo unaweza kuja tukio likiwa limekwisha, maana kumbukumbu changa huhitaji muda ili iive. Mwaka 2003 Cahill na wenzake waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji ya barafu mara tu baada ya kutazama picha. Walipopimwa wiki moja baadaye, picha zilizogusa hisia walizikumbuka vizuri zaidi. Zile za kawaida hazikunufaika.

Sasa turudi kwenye mtihani. Kuweka kumbukumbu ni kazi moja, kuitoa ni kazi nyingine, na kotisoli ikipanda wakati wa kutoa, hukwamisha. Huko Uswisi, mwaka 2000, Dominique de Quervain na wenzake waliwafundisha watu orodha ya maneno. Kesho yake wakawapa kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, saa moja kabla ya kuwauliza. Maneno waliyoyakumbuka yalipungua. Kwa hiyo mwanafunzi anayeganda mbele ya karatasi asiitwe mvivu: mara nyingi jibu limo, njia ndiyo imezibwa, na ndiyo maana humjia akiwa ameshatoka nje na moyo umetulia.

Lakini kumbukumbu iliyo wazi si lazima iwe ya kweli. Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986, watafiti Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, karatasi asubuhi iliyofuata, waandike walivyoipata habari. Zaidi ya miaka 2 baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44. Robo yao walikosea kila jambo kuu, na wengi walijibu kwa uhakika mkubwa. Mmoja alikuwa ameandika kwamba alisikia akiwa darasani. Sasa alieleza kwamba aliiona kwenye televisheni, chumbani, akiwa na mwenzake. Waliokosea walionyeshwa karatasi zao za zamani. Mwandiko waliutambua, ila kile walichokuwa wameandika hakikuwarudia.