Je, kila mstari wa Biblia una uzito sawa?

Dhana: Biblia yote imevuviwa na Mungu, basi kila mstari una uzito uleule.

Andiko linaloshikiliwa hapa ni 2 Timotheo 3:16. Linataja chimbuko la maandiko na faida yake, halisemi kwamba yote yanalingana. Yesu mwenyewe aliyapima. Katika Mathayo 23:23 anawakemea waliolipa zaka za mnanaa, bizari na jira huku wakiacha "mambo makuu ya sheria", yaani adili, rehema na imani. Zaka ile hakuifuta, tena alisema wasiiache. Amri ndogo inabaki kuwa amri, ila haikai juu ya rehema. Na alipoulizwa kuhusu talaka, alirudi kwenye kitabu cha Mwanzo, akaeleza kwamba ruhusa ya Musa ilitokana na ugumu wa mioyo.

Dhana: Kama kimeandikwa humo, Mungu ndiye aliyekisema.

Hapa wengi huteleza. Shetani naye alinukuu Zaburi ya 91 alipomjaribu Yesu. Ila mfano mzito zaidi, kwangu, ni Ayubu 8:7, ule mstari wa mwanzo mdogo na mwisho utakaoongezeka sana. Hutolewa kama ahadi. Msemaji ni Bildadi, mmoja wa rafiki watatu wa Ayubu, aliyekuwa akimbana kana kwamba mateso yake ni malipo ya dhambi. Na kufika sura ya 42, Mungu anawakasirikia Elifazi na rafiki zake wawili, Bildadi akiwamo, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Usikimbilie kuyatupa maneno yao, lakini. Paulo anachukua neno la Elifazi (Ayubu 5:13) na kulitumia kama andiko katika 1 Wakorintho 3:19. Kwa hiyo hakuna njia ya mkato: lazima ujue nani anasema, anamwambia nani, na kitabu chenyewe kinamhukumu vipi.

Dhana: Maneno mekundu ndiyo yenye mamlaka, mengine ni maoni ya mitume.

Wino huo mwekundu, unaotumika kuchapa maneno ya Yesu katika baadhi ya Biblia, ulianza na Agano Jipya lililochapwa na Louis Klopsch, mhariri wa New York, mwaka 1899. Maneno ya Yesu tunayo kwa kalamu za wainjilisti. Ukiwashusha wao, utamnukuu kutoka wapi? Hata hivyo heshima ya pekee kwa Injili ni ya kale, na Dei Verbum, hati ya Kanisa Katoliki kutoka Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, inazipa nafasi ya kwanza kati ya maandiko yote. Paulo pia alitenganisha: katika 1 Wakorintho 7 anasema hili ni agizo la Bwana, lile ni shauri langu.

Dhana: Agano la Kale limefutwa lote.

Marcion, mwalimu wa Kikristo, alilikataa katika karne ya 2, Kanisa likamkataa yeye. Mapokeo mengi hutofautisha: sheria za kafara zimekoma, amri za maadili zinabaki.

Dhana: Angalau orodha ya vitabu ni moja.

Waprotestanti wana 66, Wakatoliki 73, na Waorthodoksi wa Ethiopia huhesabu 81. Waanglikana, katika Ibara 39 za mwaka 1571 (tamko lao la imani), waliweka daraja waziwazi: vitabu vya ziada kama Tobiti na Yudithi vinasomwa kwa mfano wa maisha mema, lakini fundisho la imani halijengwi juu yake.