Picha Safi, Sauti Inakoroma: Kosa Haliko Kwenye Spika

Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa nchini Desemba 31, 2012, malalamiko haya hayaishi hapa chuoni Tanga. Mtu wa Ngamiani au Makorora ana TV ya chogo, kaiunganisha na king'amuzi kwa waya wa antena. Picha safi, sauti mkoromo mtupu. Fundi anabadilisha spika, pesa inaliwa, mkoromo uko palepale.

Kwenye waya ule picha na sauti hubebwa na mawimbi mawili. Katika mfumo wa B/G, mmoja wa mifumo ya matangazo ya TV ya analojia, uliotumika Tanzania Bara, wimbi la sauti liko megahezi 5.5 juu ya lile la picha (megahezi ni kipimo cha masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde). Zanzibar walitumia mfumo wa I, wenye nafasi ya megahezi 6. Kwetu sisi tunaotazamana na Pemba, jambo hili si geni.

Wengi hudhani tyuna, sehemu ya TV inayochagua chaneli, ndiyo inayotenganisha picha na sauti. Hapana. Yenyewe huyashusha mawimbi yote mawili kwa pamoja, kwa kawaida picha hadi megahezi 38.9 na sauti 33.4. Yakifika kwenye kigunduzi, sakiti inayoitoa picha kwenye wimbi lake, huzaa wimbi la tatu, lenye masafa sawa na tofauti yao: 5.5. Hilo ndilo linalobeba sauti. Ujanja huu naupenda, kwa sababu tyuna ikiyumba kwa joto, mawimbi yote mawili huhama pamoja na tofauti haibadiliki. Chujio dogo la 5.5 hulipeleka wimbi hilo upande wa sauti; jingine hulizuia lisiingie kwenye picha, la sivyo kioo kingejaa chembechembe.

Sasa king'amuzi kikitoa 6, au 6.5 ya mfumo wa D/K, chujio linalosubiri 5.5 haliipitishi sauti, na spika hubaki na mkoromo tu. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta B/G, I na D/K, ujaribu mmoja mmoja.

Mkoromo unaotokea pale tu maandishi meupe yanapojitokeza ni habari nyingine: weupe hudhoofisha wimbi la picha, na mtikisiko wake huvujia kwenye sauti. Kama TV ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, tumia hayo. Picha na sauti zitaingia kila moja kwa njia yake, tyuna isihusike. Mfuniko wa nyuma mwachie fundi. Kioo cha chogo hubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa plagi.